Vita Vilivyojisifu na Vita Vinavyokana

Mto Rusizi watoka katika pembe ya kusini ya Ziwa Kivu, ukapenya kwanza katika korongo jembamba baina ya vilima vya Cyangugu upande wa mashariki na mji wa Bukavu upande wa magharibi, ukateremka kwa kishindo hadi uwanda wa mpunga wa Bugarama, na kutoka hapo ukajinyoosha polepole katika tambarare yenye joto mpaka Ziwa Tanganyika. Penye chanzo chake ni mwembamba kiasi cha watu wa kando zake mbili kuweza kuitana kwa sauti, na kila asubuhi ya amani daraja la Rusizi ya Kwanza hujaa wanawake wenye mabeseni ya samaki wadogo waitwao sambaza, mayai na nyanya vichwani, waendao kuuza Bukavu na kurudi jioni na vitenge na sabuni, wakichanganya Kiswahili, Kinyarwanda na Kishi katika maongezi yao pasipo kuona taabu. Lakini mto huu huu umevukwa pia na majeshi, kizazi baada ya kizazi, yenye mikuki na mishale, kisha yenye bunduki, kisha yenye mizinga, na sasa vita vya ng'ambo yake hupiganwa kwa vyombo virukavyo bila rubani. Na kwa sababu hiyo mtu atakaye kujua kama dhati ya vita imebadilika katika zama zetu anaweza kuketi hapa Kamembe, upande wa Rwanda, akatazama mabati ya Bukavu yaliyo mbele ya macho yake, na akapata ushahidi wa kutosha.

Swali lenyewe ni la kale. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima yake kwamba vita havikukoma tangu Mungu alipoumba viumbe, na kwamba mzizi wake ni watu kutaka kulipizana kisasi, ama kwa wivu wa jirani kwa jirani, ama kwa uadui wa wale waishio kwa kupora, ama kwa ghadhabu kwa ajili ya dini, ama kwa ghadhabu kwa ajili ya mulki. Na akaongeza kwamba hata mwenye silaha nyingi hana hakika ya ushindi, kwa kuwa mna ndani ya vita sababu za batini zisizohesabika. Mprusi Clausewitz, ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1832 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba vita ni chombo cha siasa, na kwamba chini ya moshi wake mna sikuzote nia ya mtu kumlazimisha mwenziwe amtii. Mwaka 1999, baada ya maafa ya Bosnia, mwanachuoni wa Uingereza Mary Kaldor alitoa kitabu chenye hoja tofauti, kwamba vita vya mwisho wa karne ya ishirini ni vipya, kwani havipiganwi na madola yaliyotangaza uadui bali na makundi yasiyo na sare moja, hulishwa kwa uporaji na kwa fedha za kutoka nje, na huwalenga raia makusudi badala ya askari. Hoja hii ilienea sana, nayo ina ukweli wake, ila kila inapopimwa kwa mambo ya bonde hili inapungua uzito, mpaka kinabaki kitu kimoja ambacho nakiona ni kipya kweli, na hicho wengi hawakitaji.

Tuanze na zama ambazo vita havikuwa na haya. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa Rwanda ilitawaliwa na Kigeli wa Nne Rwabugiri, mfalme ambaye hakupenda kukaa kitako, aliyehamisha makao yake kutoka kilima hadi kilima na ambaye takriban kila baada ya muda mfupi alitoa jeshi kwenda kupigana nje ya mipaka. Alikiteka kisiwa cha Ijwi na kumuua mtawala wake, Kabego, na mara kadhaa akavusha majeshi yake kwenda kuwapiga Bashi wa ng'ambo, katika nchi ambayo Wanyarwanda wa zamani waliiita Bunyabungo. Na ilikuwa katika safari moja ya namna hiyo, mwaka 1895, kwamba mauti yalimfika. Hakuna katika mambo haya lililofichwa. Kila mpiganaji alikuwa na majigambo yake, yaitwayo ibyivugo, aliyoyatunga na kuyaghani mbele ya mfalme na wenziwe, akitaja jina la aliyemuua, mahali alipomuulia na silaha aliyotumia, na majigambo hayo yalikuwa ndiyo cheo chake na ndiyo waraka wake wa utumishi. Ngoma ya ufalme, Kalinga, iliyokuwa alama ya dola yenyewe, ilitundikwa masalio ya miili ya maadui waliouawa, ili kila atakayeiona ajue walikoishia wale waliothubutu kuipinga. Nayaandika haya pasipo kuyasifu, maana waliouawa walikuwa na mama zao, na Ijwi ina kumbukumbu yake ya mambo hayo isiyofanana na ile ya ikulu ya Rwanda. Nataka tu msomaji alitie moyoni jambo hili, kwamba vita vile vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijitaja.

Mwaka uliofuata kifo cha Rwabugiri, katika rasi ya Shangi iliyo katika mkoa wa zamani wa Cyangugu, lilitukia jambo jingine, na kama kuna siku moja vita vilipobadilika katika nchi hii basi ndiyo ile. Kikosi cha Dola Huru ya Kongo, yaani ile Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kikiongozwa na ofisa aitwaye Sandrart, kilipiga kambi pale, na baraza la mfalme mpya Mibambwe Rutarindwa likatuma jeshi kwenda kukiondoa. Jeshi hilo lilikuwa na watu wengi mno kuliko wale wa kambini, lilikuwa na Bisangwa mwana wa Rugombituri, kipenzi cha marehemu mfalme na mmoja wa mashujaa wakubwa wa zama zake, na lilikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kushinda. Lilikwenda uwanjani kwa desturi yake, likapokewa na risasi kabla halijafika masafa ya kurusha mkuki, na Bisangwa akaanguka pamoja na wengi wa watu wake. Wenye kusalia walirudi na habari ambayo baraza halikuwa na namna ya kuifasiri: kwamba mtu anaweza kuuawa na asiyemwona uso, asiyemjua jina, na ambaye hatakuwa na cha kujigamba isipokuwa idadi ya risasi zilizotumika. Mwaka 1897, Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipofika na bendera na waraka wa hifadhi, alipokewa na baraza lililokuwa limekwisha kuonja Shangi.

Masafa, basi, ndiyo yaliyobadilika kwanza, na tangu siku ile hayakuacha kurefuka. Bunduki ya Albini ya mwaka 1896 na ndege isiyo na rubani ya mwaka 2025 ni ndugu wa aila moja, kwa kuwa kazi ya zote mbili ni kumwezesha auaye awe baidi na auawaye. Ni badiliko kubwa, lakini nia ya pande mbili za Shangi ilikuwa ile ile ya wapiganaji wa mkuki: huyu anataka kukaa, yule anataka aondoke, na mwenye nguvu ndiye atakayeamua.

Wasemao kwamba makundi ya wapiganaji wasio na dola ni jambo la zama zetu wangefaa kusoma habari za msafara wa Baron Dhanis, amiri wa ile Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1897 askari wake walimwasi njiani, wengi wao wakiwa Batetela, wakaua maofisa wao, na kwa miaka kadhaa wakazurura mashariki ya Kongo hadi kandokando ya ziwa letu wakiwa na bunduki za kisasa na bila serikali yoyote, wakila walichokikuta ghalani mwa mkulima. Na wasemao kwamba tamaa ya madini ndiyo iliyoharibu vita vya leo, wakitaja koltani ya Rubaya, huko Kongo mashariki, iliyotiwa mikononi na waasi wa M23 mwaka 2024, wanasema kweli kuhusu koltani. Lakini kabla yake palikuwa na mpira na pembe za ndovu, na kabla ya hizo palikuwa na ng'ombe walioletwa wakilia kwa maelfu baada ya kila safari ya Rwabugiri. Ghanima hubadilika jina tu.

Ilipokuja Vita Kuu ya kwanza, bonde hili likawa mpaka wa Wajerumani na Wabelgiji, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu watu wake wakaishi baina ya mizinga miwili. Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Ijwi; Septemba 1915 walijaribu kuiteka Luvungi katika uwanda wa Rusizi wakashindwa; na Aprili 1916 brigedi ya Kusini ya jeshi la Kongo, chini ya Kanali Olsen, ilivuka mto ikaingia Shangugu, kama mji ulivyoandikwa wakati ule, ikaanza safari iliyoishia Tabora tarehe 19 Septemba. Olsen mwenyewe alikuwa Mdenmark. Mdenmark akiwa amiri wa Wakongo kwa niaba ya Mbelgiji, akipigana na Wanyamwezi, Wamanyema na Wasukuma waliovaa sare ya Kaiser, juu ya ardhi ya Wanyarwanda ambao hakuna aliyewauliza: ni vita gani vya leo vilivyo na mchanganyiko mkubwa kuliko huo?

Na ni katika vita hivyo kwamba lilionekana wazi lile ambalo naliona ni dhati ya vita kuliko silaha zote, nalo ni kwamba mzigo wake huchukuliwa na wasiovianzisha. Nchi ile haikuwa na barabara za magari, na mbung'o na ndigana ziliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo kila kisanduku cha risasi, kila gunia la mchele na kila kipande cha mzinga kilipandishwa milima juu ya bega au kichwa cha mtu. Kongo ya Wabelgiji peke yake ilikusanya wapagazi zaidi ya 200,000 katika miaka ya vita. Na upande wa Waingereza, waliokuwa wakipigana mashariki zaidi, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi zaidi sana kuliko askari waliokufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa kulala mvuani katika baridi ya nyanda za juu wakiwa wametolewa nchi za joto na nguo moja, kwa kula unga ambao matumbo yao hayakuuzoea. Nyuma ya majeshi ikabaki njaa, ile ambayo Wanyarwanda huiita Rumanura, iliyoua watu kati ya 1916 na 1918 hasa kaskazini-magharibi mwa nchi, kwa kuwa mazao yalichukuliwa na mikono ya kulima ilichukuliwa pia.

Weka habari hiyo kando ya hesabu ya zama zetu. Kamati ya Kimataifa ya Uokozi ilikadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 5.4 walikuwa wamepotea Kongo kutokana na vita na matokeo yake tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Wako wataalamu walioipinga idadi hiyo kwamba ni kubwa mno, lakini hakuna aliyepinga kwamba wengi waliokufa hawakuguswa na risasi, bali walikufa kwa malaria, kuhara na utapiamlo katika misitu waliyoikimbilia, mbali na zahanati zilizoporwa. Baina ya mpagazi wa 1916 na mtoto wa Shabunda, huko Kongo mashariki, wa mwaka 2000 imepita karne ya dawa, redio, ndege na mikataba, na mauti yao ni ya namna moja.

Hata mamluki, ambao hutajwa kama alama ya vita vya kisasa, hapa kwetu ni wageni wa zamani. Agosti 1967 Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba kubwa Kongo, aliiteka Bukavu akiwa na mamluki wa Kizungu zaidi ya mia moja na askari wa Katanga mamia kadhaa, akaishikilia mpaka mwanzo wa Novemba dhidi ya jeshi la Mobutu, rais wa Kongo. Kisha, risasi zilipokwisha, wote wakavuka daraja wakaingia Cyangugu na kusalimisha silaha kwa serikali ya Rais Kayibanda. Wazee wa mji wanakumbuka. Mobutu alidai arudishiwe mamluki, Kayibanda akakataa, na uhusiano wa nchi mbili ukavunjika. Wakatanga walirudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha, na mamluki wakarudi Ulaya kwa ndege Aprili 1968. Miaka hamsini na saba baadaye, mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23, Warumania zaidi ya 280 walioajiriwa upande wa serikali ya Kongo walivuka mpaka kuingia Rubavu wakiwa wamesalimu amri, wakapelekwa Kigali na kurudi kwao kwa ndege. Ziwa ni lile lile, na hata namna ya kuondoka ni ile ile.

Lipo jambo moja ambalo sitaliweka katika orodha ya vita, ingawa lilitokea vita vikiwapo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hayakuwa vita baina ya majeshi. Yalikuwa ni kuua watu wasio na silaha waliokuwa wamekimbilia makanisa, shule na uwanja wa mpira, na Cyangugu ina majina yake ya huzuni katika jambo hilo, uwanja wa Kamarampaka, parokia za Shangi, Mibilizi na Nyamasheke, ambako kila Aprili ndugu hukutana na kuomboleza. Nayataja hapa kwa sababu yalifundisha ulimwengu kwamba maendeleo ya silaha si kipimo cha maangamizi. Chombo kilichotumika kuua aghalabu kilikuwa panga la shambani, na chombo kilichotumika kuchochea kilikuwa redio, ile ya RTLM iliyoanza kusikika Julai 1993. Na baina ya panga na redio watu zaidi ya laki nane, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda zaidi ya milioni moja, waliangamia katika siku mia. Watu maelfu walisalimika katika kambi ya Nyarushishi, juu ya vilima vya chai. Kisha, Julai na Agosti, mamia ya maelfu ya watu wengine, wakiwamo wauaji na waliosukumwa nao, wakavuka Rusizi kwenda Bukavu, na vita vya Kongo vikaanza kupikwa katika makambi yale.

Nafikia sasa kile nilichosema ni kipya. Oktoba 1996 Bukavu ilishambuliwa; tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akipaza sauti kuwatetea wakimbizi na wenyeji pamoja, aliuawa, na siku iliyofuata mji ukaanguka. Ulimwengu uliambiwa kwamba walioingia ni waasi wa Kongo wa AFDL, na Rwanda ikakana kwamba majeshi yake yamo. Julai 1997, Mobutu akiwa amekwisha kukimbia na Laurent Kabila, kiongozi wa AFDL, akiwa Kinshasa, Paul Kagame, wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi, aliliambia gazeti la Marekani, Washington Post, kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita vile. Tazama jinsi zama zilivyogeuka. Mpiganaji wa Rwabugiri aliyaghani matendo yake siku ile ile aliyoyatenda, na asingekuwa na heshima kama asingeyaghani. Dola ya mwisho wa karne ya ishirini ilingoja ushindi ukamilike ndipo ikasema, na kabla ya hapo ilikana.

Tangu wakati huo kukana kumekuwa ndiyo desturi ya pande zote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa pamoja na M23 katika Kivu ya Kaskazini. Serikali ya Rwanda haikukubali, ikasema kwamba imechukua hatua za kujihami dhidi ya FDLR, kundi lenye asili yake katika wale waliofanya mauaji ya 1994. Kinshasa nayo ilikana kwa miaka kwamba jeshi lake linashirikiana na FDLR, hali wataalamu wale wale waliuandika ushirikiano huo ukurasa baada ya ukurasa. M23 ilipoingia Bukavu, kati ya tarehe 14 na 16 Februari 2025, wakati mji ulipokuwa mikononi mwa wezi na ghala la Shirika la Mpango wa Chakula likiporwa, watu wa Kamembe walisimama juu ya vilima wakitazama ng'ambo wakiwa na simu mikononi, wakipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada, shemeji na wateja wao, kila mmoja akisimulia alichokiona mtaani kwake. Na jioni wakasikiliza matangazo ambamo kila aliyeshika silaha alisema kwamba yeye ama hakuwapo, ama alikuwapo kwa kujihami.

Kwa nini wanakana? Jibu langu ni kwamba wanakana kwa sababu sheria imebadilika, na hili, pamoja na uchungu wake, ni jambo jema. Zamani kuteka nchi ya mwenzio kulikuwa sifa. Tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 ni kosa. Zamani kumchukua mwanamke wa adui kulihesabiwa katika nyara. Tangu Mikataba ya Geneva ya 1949 ni haramu, na tarehe 2 Septemba 1998, katika mji wa Arusha, mahakama ya kimataifa iliyoshughulikia Rwanda ilihukumu katika kesi ya Akayesu kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna yake duniani. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, hapo ng'ambo, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ametibu maelfu ya wanawake walioteswa hivyo, na hakuna amiri hata mmoja anayesimama kusema kwamba aliamuru. Mwenye kukana anakiri kwamba lipo jambo la kuonewa haya. Sheria, basi, imefika kinywani mwa vita, ingawa haijafika mkononi mwake.

Lakini kukana kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na wale wale wa siku zote. Vita visivyo na mwenyewe havina wa kuombwa asimame. Mjane hajui amdai nani, mkulima ambaye shamba lake limepigwa kombora haelewi ashitaki kwa upande upi, na ndugu wa askari aliyekufa mahali ambapo dola yake inasema haikufika watamzika kimya kimya. Kibaya zaidi, sulhu yenyewe hugawanyika, kama tulivyoona mwaka 2025: Washington waliketi mawaziri wa Rwanda na Kongo wakatia sahihi tarehe 27 Juni, na Doha waliketi wajumbe wa Kongo na wa M23 wakatia sahihi karatasi nyingine Julai, na nyingine tena Novemba, kwa kuwa vita vimoja vilidaiwa kuwa viwili. Ibara nzito ya mkataba wa Washington inataja kumalizwa nguvu kwa FDLR na kuondolewa kwa hatua za kujihami za Rwanda, maneno yaliyochaguliwa ili kila upande uweze kuyasoma kwa namna yake. Tarehe 4 Desemba marais wawili waliuthibitisha mbele ya Rais wa Marekani. Siku zile zile palikuwa na mapigano Kamanyola na Luvungi, ile Luvungi ya 1915, na tarehe 10 M23 wakaingia mji wa Uvira. Watu wa Kamanyola wakavuka kuja Bugarama kwa mamia na magodoro yao vichwani, wakapelekwa Nyarushishi, katika kambi ya mpito iliyo mahali pale pale ambapo manusura wa 1994 walijikusanya.

Wako watakaosema kwamba madola hayawezi kuandika ukweli wao wazi, kwamba siasa haina budi kuwa na pazia. Mto wenyewe unawajibu. Katika korongo la Rusizi, chini ya daraja la wanawake wa sambaza, kuna bwawa la umeme la Mururu lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1958. Na chini yake kuna Rusizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, mali ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, inayoendeshwa na kampuni ya mataifa matatu, SINELAC, yenye makao yake Bukavu. Vita vya 1996 vilikuja na kampuni ile haikuvunjwa. Vya 1998 vikaja, ambavyo huko magharibi waasi walilishika bwawa la Inga na kuizimia Kinshasa umeme, na kampuni ile haikuvunjwa. Vya 2004 na vya 2025 vikaja. Na hata sasa madola haya matatu yanaendelea na mpango wa Rusizi ya Tatu, wa megawati 206. Katika karatasi za umeme kila dola imetaja jina lake, kiasi inachochukua, deni inalodaiwa na nani atakayelipa mtambo ukiharibika, na maofisa wa serikali zinazotupiana makombora wameketi meza moja kuyahakiki hayo pasipo yeyote kudai kwamba hakuwapo. Waandike basi vivyo hivyo juu ya majeshi: kikosi gani, kina watu wangapi, kiko kilima gani, kitatoka siku gani na kwa njia ipi, na nani atakayesimama darajani kuwahesabu wanapovuka.